Maganda Tuliyookota Mlimani

Kosa ninalotaka kulianika hapa ni la mtu anayejiona amekwisha kujua, na kwa sababu hiyo haulizi. Si kosa lenye kelele kama wizi, wala halinuki kama ulevi. Mara nyingi huvaa shati safi, hushika chaki, na watu hulisalimu kwa heshima njiani. Nimeliona kwa mapadre na kwa wachungaji, kwa wakubwa wa ofisi na kwa wauza dawa. Lakini mara ya kwanza nililiona kwa mtu niliyempenda kuliko wote, na siku hiyo mimi mwenyewe nililisaidia kwa mikono yangu miwili.

Harufu ndiyo iliyonirudisha huko. Wiki iliyopita nilikuwa katika soko la mji wetu wa Baraka wakati wanawake walipokuwa wakitua mihogo iliyotoka kulowekwa, ile inayodondosha maji meupe kutoka kikapuni na kuacha harufu chachu, nzito, inayokaa kooni hata baada ya mtu kupita. Nikasimama katikati ya watu na miguu ikakataa kwenda. Msomaji asiyekulia kwetu atadhani nilichukizwa. Sivyo. Kwetu harufu hiyo ni ya chakula: mihogo michungu humenywa, hulazwa majini siku tatu au nne mpaka ilainike na uchungu wake utoke, huanikwa, hutwangwa, na mwisho wake ni ugali. Kilichonishika pale sokoni ni mshtuko wa mtoto wa miaka kumi na mmoja, mzima vilevile, kana kwamba mtu alikuwa amenihifadhia.

Papa alikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya msingi mjini, na mwaka ule mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Nyumbani nilimwita Papa, darasani nilimwita Mwalimu, na nikikosea nilichapwa mara mbili: mara ya kwanza kwa kosa, mara ya pili kwa kumwaibisha. Alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi. Kola yake ilikuwa ngumu kwa wanga, na ubao wake ulifutwa kwa kitambaa chenye maji kabla ya kila somo. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la volkeno. Alichora mlima uliopasuliwa katikati kama papai, na kwa chaki nyekundu, aliyoitunza kwa ajili ya somo hilo tu, alipandisha moto kutoka tumboni mwa dunia hadi kileleni. Kisha aligeukia dirisha na kunyoosha rula kuelekea ng'ambo ya ghuba, kwenye milima ya Ubwari.

"Na sisi tuko na yetu," alisema. "Ile kule. Imelala."

Alisema hivyo kama mtu aliyewahi kukaa ukingoni mwake na kuning'iniza miguu. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kufika. Papa alikuwa na neno lake alilolitumia darasani na mezani: mwalimu haulizi, mwalimu anaulizwa. Tulilipenda neno hilo. Mimi nililiandika ndani ya jalada la daftari langu.

Mwishoni mwa mwaka aliomba ruhusa ya kutupeleka. Safari ya siku moja: asubuhi magofu ya misheni ya zamani, mchana volkeno, jioni nyumbani. Mkurugenzi wa shule alisita kwa sababu siku iliyopendekezwa ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi ambayo kwa amri ya Rais Mobutu nchi nzima ilipaswa kushika fagio na jembe. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: salongo ifanyike huko huko, na Mwalimu atoe taarifa kwamba imefanyika.

Tulivuka ghuba kungali giza kidogo, watoto zaidi ya ishirini ndani ya boti ya mbao ya wachuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, tukashuka ng'ambo na magamba ya samaki yakiwa yameganda kwenye sketi. Nusu ya darasa walikuwa wamebeba viazi vitamu vibichi. Tulikuwa tumekubaliana, bila kumjulisha Mwalimu, kuvichoma kwenye volkeno. Aliyetoa wazo hilo alikuwa Riziki, jirani yangu wa benchi, msichana mwenye mdomo mwepesi ambaye hata Papa alimwadhibu huku akigeuza uso asionekane anatabasamu.

Tulianzia magofuni. Sikuwa nimewahi kuona kitu kilichojengwa na watu na kisha kikaachwa kiwe cha miti. Kuta za matofali ya kuchoma zilisimama bila paa, na mizizi ya mtini ilikuwa imezishika kama vidole vinavyoshika mkate. Palikuwa na ngazi ya mawe iliyopanda hatua saba na kuishia hewani. Nyuma ya ngazi yalilala makaburi, marefu na mafupi, bila jina hata moja. Papa alituambia kwamba mapadre wa kwanza waliwanunua hapo watoto kutoka kwenye misafara ya watumwa, wakawapa vitanda na katekisimu, na kwamba homa iliwaua wengi wao pamoja na mapadre wenyewe. Alisimulia vizuri. Alisimulia kwa muda mrefu mno hata akasahau salongo, na hilo likumbukwe, maana kama tungeng'oa majani pale makaburini ningekuwa sina hadithi ya kuwaandikia.

Kando ya ukuta wa mwisho mwanamke mmoja alikuwa akipalilia mihogo. Alikuwa mmoja wa watu waliokimbia kutoka Burundi tulipokuwa hatujazaliwa, wakapata vipande vya ardhi kwenye mwambao ule na kulima. Watu walimwita Mukimbizi, naye alikuwa ameitika jina hilo kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Alipotuona tukishika njia ya mlimani aliegemea jembe.

"Mwalimu, jambo. Munapanda na batoto?"

"Tunapanda, mama."

"Mungojee kidogo. Nimalize mustari hii moja, nibapeleke. Juu kule, njia iko na..."

"Njia tunaijua, mama." Papa alitoa mfukoni karatasi aliyoichora mwenyewe kwa rula na kuifungua mbele yake, ikiwa kichwa chini kwa upande wa mwanamke. "Nous avons le plan." Ramani tunayo, alimaanisha.

Mwanamke akaitazama karatasi, kisha akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu. "Haya," akasema. "Mungu abaongoze." Akarudi kwenye mstari wake.

Nilimkimbilia Papa na kumuuliza yule mama alitaka kusema nini.

"Hapa mimi si Papa."

"Mwalimu, alitaka kusema nini?"

"Alitaka kusema tunayoyajua."

Tulipanda zaidi ya saa moja. Majani yalipungua, ardhi ikawa ya kijivu na mahali pengine njano kama kiini cha yai, na joto likaanza kupenya soli za viatu vyetu vya plastiki. Palinuka mayai mabovu, na ndani ya harufu hiyo, nikashangaa, palinuka jikoni kwetu: mihogo. Ndipo tulipoona maganda ya mihogo. Yalikuwa vifungu vifungu, konzi moja hapa, konzi nyingine hatua tatu mbele, upande mweupe umegeuzwa juu, yakipinda kushoto na kulia bila sababu yoyote iliyoonekana, mpaka yalipopotelea ndani ya mvuke.

Papa alisimama. Uso wake ulikuwa ule anaouonyesha akikuta wino sakafuni.

"Tazameni," akasema. "Tunu ya sayansi, na watu wanaifanya jalala." Kisha akakumbuka sharti la mkurugenzi, na nikaona akifurahi. "Salongo. Msiache hata moja."

Tulikuwa na magunia mawili tuliyobeba kwa ajili ya mawe ya mfano. Tuliokota tukipanda, tukiinama kifungu hadi kifungu, na kwa kuwa tuliyafuata maganda ili kuyaokota, tulifika juu salama bila kujua kwamba tumepelekwa. Hakuna aliyeokota kuliko mimi. Nilikuwa binti wa Mwalimu. Nilikwangua hata vipande vilivyokauka na kushikamana na udongo.

"We, uchukue na ile kadogo," Riziki akaniambia, akionyesha ganda lisilozidi ukucha. "Ukiacha ile, Mobutu atalia."

Papa alilipima gunia langu kwa mkono mbele ya wote. "Mfano wa kuigwa," alisema. Sijui kama nimewahi kusikia sifa tamu kuliko hiyo, na ninaiandika hapa kwa aibu.

Kileleni hapakuwa na moto. Palikuwa na madimbwi matano au sita ya maji yaliyofuka, mengine yakitokota polepole kama uji, na katika yale yaliyokuwa vuguvugu tu vilizamishwa vikapu vilivyojaa mihogo iliyomenywa, vikiwa vimegandamizwa kwa mawe. Nilimwona Papa akitazama huku na huku. Alikuwa akilitafuta shimo la kwenye ubao.

"Mwalimu," Riziki akauliza, "moto iko wapi?"

"Imelala."

"Inaamuka saa ngapi?"

Tulicheka, na Papa akapuliza filimbi. Kisha akaeleza vikapu vile. Alisema ni sadaka: wenyeji ambao hawajasoma huiogopa volkeno na kuipa chakula ili isikasirike. Tukatoa madaftari na kuandika. Ninayakumbuka maneno mpaka leo, kwa mwandiko wangu mzuri: Wenyeji hulisha volkeno mihogo. Ukweli ni mfupi na ungejulikana kwa swali moja. Maji yale ya moto huilainisha mihogo kwa siku moja badala ya nne, na wanawake wa mwambao ule walikuwa wameligundua hilo na kulitumia. Hata mlima wenyewe si volkeno, kama nilivyokuja kusoma ukubwani. Ni ufa wa ardhi unaotoa maji yaliyopashwa joto chini kabisa. Hapakuwa na kitu kilicholala.

Tulipogeuka kushuka, mteremko ulikuwa safi. Ninalichagua neno hili makusudi. Ulikuwa safi kama ua wa shule, wa kijivu kila upande, bila alama hata moja, na mvuke ulikuwa umeshuka. Papa alifungua karatasi yake, akaikunja, na kunyoosha mkono moja kwa moja kuelekea ziwani. Tulishuka kwa mstari, wawili wawili, nami nikaburuta gunia langu kando ya Riziki.

Sikusikia mlio wowote. Riziki alikuwa akisema jambo kuhusu viazi vyetu, na katikati ya neno akawa mfupi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umezama hadi gotini, na kuzunguka goti lake udongo ulikuwa ukichemka. Hakulia. Hilo ndilo linalonishtua hata sasa ninapoandika: alinitazama na mdomo wazi, akingojea nimweleze kilichotokea. Papa aliruka, akamkamata kwapani, akamng'oa. Kiatu kilibaki chini. Soksi ilitoka nusu, na haikutoka peke yake.

Papa alipiga hatua moja nyuma naye mikononi, na chini ya kisigino chake ardhi ikapasuka kama ganda la mkate. Akarudisha mguu. Akaupeleka kushoto, akakanyaga kidogo, akaurudisha tena.

"Mtu asisogee," alisema.

Tukasimama, zaidi ya watoto ishirini, kila mmoja mahali alipokuwa. Nilimtazama Papa usoni ili nijue la kufanya, kama nilivyozoea tangu nilipoanza kuona. Macho yake yalikwenda kwenye mfuko wenye karatasi, yakaenda kwenye mteremko, yakarudi kwangu. Hakujua. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, na vingine vinazungumza juu ya kuanguka kwa falme. Sijaona humo kitu kilichonishtua kama kumwona baba yangu amebeba mtoto anayetetemeka na hajui pa kuweka mguu. Riziki sasa alikuwa ameanza kulia, sauti ndogo, ya mfululizo. Papa aliweka filimbi mdomoni akapuliza, akapuliza tena, na mara hii hakuwa akimwamuru mtu.

Sauti ikajibu kutoka ndani ya mvuke, chini yetu, bila haraka.

"Mutu asitikisike. Niko nakuja."

Baada ya sauti ukaja upindo wa kanga, kisha mwanamke mzima: yule wa shambani. Alikuwa amemaliza mstari wake na kutufuata. Begani alikuwa na bidoni, dumu la maji, na mikononi alishika mchi mrefu wa kutwangia, ambao aliugonga ardhini mbele yake kabla ya kila hatua, akiinamisha sikio. Gonga, sikiliza, kanyaga. Mara mbili aligonga na kurudi nyuma, akachukua upande mwingine. Alipotufikia hakumsalimu Papa. Alipiga magoti na kuumiminia mguu wa Riziki maji yote ya bidoni, polepole, mpaka tone la mwisho, akararua kanga na kuufunika bila kukaza. Kisha ndipo alipotazama mteremko.

"Maganda iko wapi?"

Aliona magunia. Akalifungua langu, akaingiza mkono, akautoa umejaa.

"Mwalimu, hii mulitoa wapi?"

"Tulifanya usafi, mama," Papa alisema. Ilikuwa sauti ya mwanafunzi.

"Ile haiko buchafu. Ile ni njia." Alisema bila kupaza sauti, kama anayemweleza mtu bei ya chumvi. "Kila juma tunagonga, tunaweka mupya. Mvua ikinyesha, chini inabadirika. Bamama kumi na mbili banapita hapa kesho na mihogo ku kichwa, mwenye hajaona maganda atapita wapi?" Akatugeukia. "Nani aliokota mingi?"

Vidole vyote vikanielekea mimi.

"Basi weye utarudisha. Kuja nyuma yangu, karibu. Nikikanyaga, unaweka. Mwalimu atabeba mutoto. Bengine, mutu akanyage ku maganda tu."

Ndivyo tulivyoshuka mlima ule. Yeye mbele na mchi wake, mimi nyuma yake na gunia, nikiweka konzi moja mahali kisigino chake kilipotoka, upande mweupe juu. Nyuma yangu darasa zima kwa mstari mmoja. Na mwisho kabisa Papa, na Riziki mgongoni mwake, akikanyaga pale watoto walipokanyaga. Njiani mwanamke yule alisimama mara moja na kunipa mchi. "Gonga hapa. Sasa gonga pale. Unasikia? Hii iko na tumbo wazi." Nilisikia. Ile ngumu ilijibu kwa sauti fupi. Ile nyingine ilijibu kwa kuchelewa, kana kwamba mtu wa ndani alikuwa akirudia. Nikaangusha maganda, naye akangoja niyaokote.

Chini, Papa alimwambia asante. Mwanamke alisema tuwahi boti, mguu wa mtoto haungojei. Akageuka na kupanda tena, maana gunia la pili lilikuwa bado limejaa na sehemu ya juu ya mlima haikuwa na njia.

Ndani ya boti Papa alimpakata Riziki na hakutazama mtu. Tulipokaribia Baraka alisema, akitutazama sote: "Ardhi ilibomoka. Ndivyo ilivyokuwa." Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilikuwa mbaya. Maneno hayo hayo alimwambia mama yake Riziki mlangoni mwa zahanati, na mama yule, asiye na neno lingine la kushika, akaamua kwamba binti yake alikuwa akicheza nje ya mstari, akamkemea akiwa kitandani. Maneno hayo hayo alimwambia mkurugenzi Jumatatu. Nilikuwa nimesimama pale na madaftari ya darasa mikononi.

"Poleni sana," mkurugenzi alisema. "Na salongo?"

"Ilifanyika," Papa akajibu.

Nami nilinyamaza. Sitajificha nyuma ya umri wangu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anajua ukweli ulipo, na mimi nilikuwa nimeubeba ndani ya gunia. Riziki alikaa kitandani miezi. Vidole vya mguu wake vilishikana, na hadi leo anatembea akiurusha upande. Mwaka uliofuata Papa aliruka somo la volkeno, akatoka kwenye mito akaingia kwenye maziwa, na chaki nyekundu ikakaa kwenye kopo lake hadi ikavunjika. Hakuwahi kuvuka ghuba tena. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba alikuwa ameungama kwa njia pekee aliyoiweza, na kwamba njia hiyo haikumfaa Riziki kitu.

Baada ya siku ile ya sokoni nilikwenda nyumbani kwa Riziki. Nilimweleza yote: maganda, gunia, sifa niliyopewa, maneno ya Papa mlangoni. Alikuwa akichekecha unga na hakuacha.

"Mi nilijua," alisema. "Hata mi niliokota. We uliokota mingi, ni hiyo tu."

"Kwa nini hukumwambia mama yako?"

"Aliniuliza? Alikuwa anajua tayari." Akapiga chekecheo ukingoni. "Lakini yule mama, aliitwa nani? Miaka yote namuombea, nasema Mungu, yule wa muchi. Nasikia haya."

Sikujua. Tulishuka pamoja mlima ule, niliweka mikono yangu kwenye nyayo zake, nilishika mchi wake, na mimi ninayewakemea wengine kwenye kurasa hizi sikuwahi kumuuliza. Asubuhi iliyofuata nilipanda boti. Magofu yamepungua kwa ukuta mmoja. Watu wamechukua matofali. Shambani nilimkuta mwanamke wa makamo, mke wa mwana wa yule mama, akaniambia kwamba bibi alikwisha kuzikwa, pale pale nyuma ya ngazi. Nikamuuliza alikuwa akiitwa nani.

"Watu? Mukimbizi," alisema.

"Hapana. Jina lake."

Akasimamisha jembe, kisha akalitamka taratibu ili nisikosee kuliandika: Sabina Ntirampeba.